Mizani ya Kibirizi

Mimi ni mwenye mizani, nyuma ya chanja za kwanza.
Kazi yangu ni ndoano, daftari,
na kalamu niliyoifunga uzi isiondoke na mteja.
Gunia la dagaa likining'inia, nasoma, naandika.
Habari za watoto sikuwahi kuulizwa.

Watoto walikuwa palepale, miguuni mwa chanja:
huyu kalala ndani ya beseni,
yule anatafuna ganda la muhogo,
na Chiza, aliyefuata mapacha,
kafungwa kitenge kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo,
ili mama yake ageuze dagaa kabla jua halijampita.
Tuliona. Fundo la namna ile halimtii mtu aibu
pale ambapo kila mama analo.

Alfajiri moja fundo likalegea.
Sango alikuwa akikung'uta wavu, akageuka:
maji yamemfika Chiza kifuani,
naye anacheka, anayaita kwa mkono
kama mtu anayeita kuku.

Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililotutisha.

Jioni tukakaa mbele ya mizani, maana hapo pana taa.
Ntakije, mama yake, akasema, "Leo wangu."
Akanyamaza. Kila mmoja akamalizia mwenyewe.
Mtu akataja wafadhili, tukacheka kidogo:
Kigoma ni mwisho wa reli,
vingi vya kuja huku vimeshashukia njiani.
Ruhomvya, mwenye ghala la popo,
akasema ghala halitolewi bure;
kisha, kwa sauti ndogo, kwamba kodi anaweza kuisubiri.
Mpaka lini? Hakujibu.
Mwaka wa pili huu, bado anasubiri.

Buchumi akaziba ukuta kwa mbao za mtumbwi uliopasuka.
Bi Mwamvita akaja kutoka Ujiji
na hadithi zake, na fimbo asiyoitumia.
Watu wa Mwandiga wakaleta dumu la mawese.
Na kila beseni linalopita kwangu
likakatwa kikombe kimoja cha dagaa,
wasagwe, watiwe kwenye uji.
Kikombe kijae mpaka kichomoze, au kifutwe kwa kiganja?
Siku mbili watu hawakusalimiana
kwa ajili ya kilele cha kikombe.

Kisha mwezi ukapevuka.
Kwenye mbalamwezi taa hazimdanganyi dagaa,
mitumbwi inalala mchangani,
beseni tupu, kikombe tupu,
na tumbo la mtoto halihesabu mwezi.
Wiki ile akina mama hawakuwa na kazi.
Wangeweza kubaki na watoto wao nyumbani.
Waliwaleta. Wakakaa nao:
mmoja na karanga,
mmoja na sukari ya jana ndani ya karatasi,
mmoja mikono mitupu, akaosha vikombe vyote,
hata vilivyokuwa safi.

Sasa kila mwisho wa mwezi anakuja Editha,
muuguzi wa zahanati, na kadi zake.
Mizani yake ilikatika springi, akaazima yangu.
Nimeisugua kwa majivu na ndimu,
bado inanuka ziwa.
Wananing'inia mmoja mmoja ndani ya kaptula ya turubai,
wanapiga mateke hewani, mshale unacheza,
nami, niliyezoea mzigo usiopumua,
nasubiri watulie ndipo nisome.

Daftari langu lina safu mbili:
iliyouzwa, na inayodaiwa.
Chiza, kilo kumi na moja na robo.
Editha keshaandika kwenye kadi, inatosha.
Lakini nami nilitaka iwe kwangu.
Nikakaa na kalamu, uzi umenyooka,
nikaandika pembeni, nje ya mstari,
pale ukurasa ulipolowa mawese.